Redio Inaimba, Gari Haliwaki

MWENYE GARI: Mwanangu, hii ni betri ya pili ndani ya miezi 18. Noah hii nimekukabidhi ubebe abiria, si upige disko. Jumatatu alfajiri mteja wa uwanja wa ndege anakusubiri na mabegi yake, wewe uko nje unaomba mtu akubusti. Chanzo nakijua, ni redio. Unazima injini, muziki unaendelea mpaka usiku wa manane. Kuanzia leo, injini ikizimwa na redio izimwe.

DEREVA: Shikamoo mama. Gari kukataa sikatai. Ila kosa kuibebesha redio ndipo tunapopishana. Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, basi la kutoka Mwanza linaweza kuchelewa hata kwa saa tatu. Nikizima redio nasinzia, na nikisinzia abiria anachukuliwa na mwenzangu, au naamka nakuta kioo cha pembeni hakipo. Redio ndiyo inayoniweka macho. Na sauti naiweka chini kabisa, nasikiliza mpira na taarifa ya habari. Betri yenye nguvu ya kuzungusha injini nzima, imalizwe na redio? Mimi hainiingii akilini.

FUNDI UMEME: Shikamoo mama. Naomba nianzie hapo kwenye kuzungusha injini, maana hapo wengi wanajikwaa. Stata ya gari kama hili inavuta ampea 150 hivi, lakini kwa sekunde 3 tu. Piga hesabu utaona kuwasha gari mara moja kunakula kama sehemu moja ya nane ya ampea-saa. Redio inavuta ampea 2. Ni kidogo, ndiyo, lakini iache iimbe kwa muda wa saa 5 na umeshatumia ampea-saa 10. Kaka, jioni yako moja ya mpira imekula umeme wa kuwashia gari mara 80.

DEREVA: Fundi, kama betri ilikuwa imeliwa kiasi hicho, mbona redio haikuyumba hata kidogo? Asubuhi ile niligeuza funguo, taa za dashibodi zikawaka, mtangazaji anaongea vizuri kabisa. Nikagusa stata: tak-tak-tak. Betri iliyokufa haitangazi habari.

FUNDI UMEME: Redio ni shahidi wa uongo kwenye kesi hii. Yenyewe inaridhika hata na volti 11. Stata inataka mkondo mkubwa kwa mkupuo mmoja, na betri iliyochoka ikiombwa mkupuo huo volti zinaporomoka pale pale. Hiyo tak-tak uliyoisikia ni swichi ya stata inanasa, volti zinaanguka, inaachia, inanasa tena. Sasa nisikilize kwenye namba. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12.0 una robo, na asubuhi yako iko mashakani. Toka kujaa mpaka kubaki robo ni chini ya volti moja. Hakuna sikio la kuisikia tofauti hiyo kwenye spika.

MWENYE GARI: Basi umenimalizia kazi. Redio izimwe.

FUNDI UMEME: Sijafika huko mama. Betri yako ni NS60, ampea-saa 45. Ikiwa mpya na imejaa, redio peke yake ya ampea 2 inaweza kuimba kwa muda wa karibu saa 11 kabla betri haijafika nusu. Joto letu la Dar linakula betri haraka, kwa hiyo mimi wateja wangu nawaambia wasizidishe muda wa saa 3. Kwa saa 3, redio ya kawaida, sauti ya kawaida, betri nzima haiwezi kukuangusha. Anayekwambia redio ni haramu injini ikizimwa anakutisha bure.

MWENYE GARI: Betri nzima. Na isiyo nzima je? Wewe unaongelea betri ya dukani, mimi naongelea iliyomo kwenye gari langu. Na hiyo "sauti ya kawaida" umempimia nani? Gari likiegeshwa nyumba ya tatu nasikia vyombo vyangu vinatetemeka kabatini.

FUNDI MUZIKI: Mama, shikamoo. Hiyo besi niliifunga mimi, kwa hiyo naomba niisemee kazi yangu. Noah hii haibebi abiria wa stendi peke yake. Wikiendi inakodiwa kwenye send-off, inapeleka vijana Kigamboni ufukweni. Mteja wa pikiniki anaanza kuuliza muziki kabla hajauliza bei. Ukimwambia dereva azime muziki kila injini inapozimwa, umemwambia akatae wateja. Tatizo la gari hili ni kwamba limebeba mzigo mkubwa kwa betri ndogo. Dawa ni kuongeza betri.

FUNDI UMEME: Hapo kwenye mzigo tuko pamoja. Kuna redio na kuna amplifaya, watu wanavichanganya kama kitu kimoja. Redio ampea 2. Amplifaya ya wati 400 yenye sabufa, ukiifungulia kwa nguvu pale ufukweni, inavuta ampea 10 mpaka 20, na besi ikipiga inaruka juu zaidi. Na zile 45 zilizoandikwa kwenye betri zimepimwa kwa kuitoa umeme taratibu kwa muda wa saa 20, yaani ampea 2 na robo tu. Ukiikamua kwa ampea 15 haikupi zote. Muziki wa namna hiyo, injini imezimwa, unamaliza nusu ya betri kwa muda wa saa moja hivi. Na nusu ya kwanza ndiyo salama yako.

DEREVA: Mimi stendi siwashi sabufa.

MWENYE GARI: Lakini ufukweni unawasha.

DEREVA: Ufukweni nawasha, ndiyo. Ila pale nikiona muda umekwenda naiwasha injini, iko sailensa, muziki unaendelea. Betri haiguswi.

MWENYE GARI: Ehe! Na mafuta analipa nani? Injini hiyo ikikaa sailensa inakunywa karibu lita moja kwa saa, ukiweka na AC inazidi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya moyo unanidunda, kumbe kuna mtu ananichomea petroli ili asikilize wimbo.

DEREVA: Mama, umesema nisitumie betri. Sasa nisitumie na mafuta. Nitumie nini?

MWENYE GARI: Tumia ukimya.

DEREVA: Ukimya saa saba za usiku, mtu mmoja ndani ya gari, mabasi yamechelewa, umewahi kuujaribu mama? Kwa heshima zote nakuuliza.

FUNDI UMEME: Wacha niseme kuhusu sailensa. Injini ikiwa inanguruma polepole, altaneta haitoi nguvu yake yote. Ukiwa na AC, taa na amplifaya kwa pamoja, unaweza kukuta inachozalisha na inachotumia vinalingana, betri haipati kitu. Halafu kuna ile tabia ya kuwasha dakika 5 kila baada ya saa moja ili "kurudisha chaji". Umetoa ampea-saa 10, dakika 5 zinarudisha 1 au 2. Betri kadiri inavyoelekea kujaa ndivyo inavyopokea umeme polepole. Hizo 10 zinahitaji gari litembee barabarani saa nzima au zaidi. Kutoka Mbezi mpaka Kimara hakutoshi.

MWANDISHI: Hapa naomba kukatiza, kwa sababu kuna jambo lililo juu ya betri na mafuta. Dereva anayelala ndani ya gari lenye injini inayowaka, kwenye gereji iliyofungwa au uani palipozibwa na kuta, anavuta kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu haamki akakohoa, analala moja kwa moja. Katika hoja zote mbili za kuwasha na kuzima, hii isihesabiwe kama hoja ya upande wowote. Kwenye sehemu iliyofungwa injini izimwe, hata kama betri itakufa.

FUNDI MUZIKI: Ndiyo maana nasema betri ya pili. Betri ya stata ina sahani nyembamba, nyingi, ili itoe mkupuo mkubwa mara moja. Haikutengenezwa kutolewa umeme mpaka chini na kujazwa tena kila siku. Betri zile za sola zina sahani nene, kazi yake ndiyo hiyo. Weka moja nyuma ya kiti, katikati funga rilei. Injini ikiwaka, rilei inaunganisha, altaneta inachaji zote mbili. Injini ikizimwa, rilei inaachia, muziki unakula ya nyuma peke yake. Hata ukiikausha kabisa, ya mbele haijaguswa, asubuhi gari linawaka.

FUNDI UMEME: Hilo ni kweli na silipingi. Fundi akilifanya vizuri, akaweka fyuzi karibu na kila betri, akafunga betri isiruke barabarani, akaipa mahali penye hewa maana betri ya maji inatoa haidrojeni ikichajiwa, ni njia safi. Ninachopinga ni zile kapasita mnazowauzia watu mkiwaambia zinaokoa betri.

FUNDI MUZIKI: Kapasita inasaidia besi isikate taa.

FUNDI UMEME: Inasaidia besi, sawa. Lakini umeme wake inautoa kwenye betri ile ile. Injini ikiwa imezimwa haiongezi hata dakika moja. Mwambie mteja hivyo kabla hajatoa pesa.

MWENYE GARI: Betri ya pili, rilei, nyaya nene, fundi. Mnapanga matumizi ya pesa yangu nikiwa nimekaa hapa hapa. Gari nililinunua likiwa na betri moja, na Wajapani waliolitengeneza hawakuwa wajinga.

FUNDI UMEME: Hawakuwa wajinga mama, ila betri hiyo waliiweka kwa ajili ya stata. Historia yenyewe iko hivyo. Cadillac ya mwaka 1912 ndiyo iliyoleta stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, watu wakaachana na kuzungusha hendeli kwa mkono. Redio ya Motorola ya kufungwa ndani ya gari ilikuja 1930. Stata ndiyo mwenye nyumba, redio ni mgeni aliyekaribishwa baadaye. Mgeni anakula, lakini si chakula cha mwenye nyumba chote.

DEREVA: Na mimi nimemlisha mgeni kwa kiasi. Naweka funguo kwenye ACC, siweki ON.

FUNDI UMEME: Kama ungekuwa unaweka ACC ningekupongeza. Ukiweka ON unaamsha kompyuta ya injini na mambo mengine yanayovuta ampea kadhaa juu ya redio bila faida yoyote. Lakini kaka, gari hili redio yake haitumii ACC. Jana jioni nimelikagua. Umwambie mama mwenyewe, au niseme mimi?

DEREVA: Sema tu.

FUNDI UMEME: Gari lilikuwa limezimwa tangu mchana, funguo ziko mezani kwa mama. Nilifungua boneti nikakuta vichwa vya betri vimeota unga mweupe wenye ukijani, nikavisafisha kwa maji ya moto na magadi. Nikatoa waya wa hasi, nikaweka mita katikati ya waya na betri, nikafunga milango, nikasubiri nusu saa ili kila kitu kilale. Gari la namna hii likilala linapaswa kuvuta chini ya ampea 0.05, za saa na alamu tu. Mita ikasoma 0.94. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya taa, 0.94. Ya honi, 0.94. Ya redio, ikashuka kidogo tu. Nikaingiza mkono chini ya kiti cha nyuma nikagusa amplifaya: ya vuguvugu. Ina kataa kadogo ka bluu, kanawaka. Nikachomoa fyuzi yake, mita ikaanguka mpaka 0.03.

DEREVA: Kale kataa nilidhani ni pambo.

FUNDI UMEME: Si pambo. Amplifaya haizimiki. Inakaa macho usiku na mchana, iwe inaimba au haiimbi. Gari lilipaki Jumamosi saa 2 usiku, Jumapili halikutoka, Jumatatu saa 12 alfajiri likakataa. Hizo ni saa 34. Zidisha kwa 0.94, unapata ampea-saa 32 kwenye betri ya 45. Hakuna mtu aliyesikiliza hata wimbo mmoja, na betri imekwisha.

MWENYE GARI: Kwa hiyo nimekuwa nikimgombeza mtoto wa watu kwa kosa la waya?

FUNDI UMEME: Usimsafishe haraka mama. Alipoliingiza ndani Jumamosi, betri ilikuwa imeshaliwa na stendi wiki nzima. Waya umemalizia.

MWENYE GARI: Na waya ulifungwa na nani?

FUNDI MUZIKI: Nilifunga mimi. Kwa kawaida waya wa bluu unatoka kwenye redio, ukizima redio na amplifaya inazimika. Redio hii waya wake wa bluu ulikuwa umekufa, hautoi umeme. Nikauchukua umeme wa kuamshia amplifaya kwenye waya wa njano, ule unaotoka betri moja kwa moja. Na ule mwekundu, unaopitia funguo, nikauunganisha na wa njano pia, ili redio iwake bila funguo. Lakini mama, sikujiamulia. Dereva alikuja akaniambia anataka muziki bila funguo.

DEREVA: Ni kweli nilisema.

MWENYE GARI: Ulisema kwa ruhusa ya nani?

DEREVA: Kwa amri yako mama. Mwaka jana, gari la jirani lilipoibiwa pale stendi dereva akiwa amekwenda msalani, ulinipigia simu ukasema: nisikuone umeacha funguo kwenye swichi, hata dakika moja. Nikatii. Nikatafuta njia ya kusikiliza redio funguo zikiwa mfukoni.

MWENYE GARI: Nilisema funguo zisikae kwenye swichi. Sikusema gari likatwe nyaya.

DEREVA: Hukusema. Na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilijua utajibu redio izimwe.

FUNDI MUZIKI: Kazi inarekebishika leo leo. Naweka swichi ndogo kwenye dashibodi yenye taa nyekundu inayoonekana, inakata redio na amplifaya kwa pamoja. Na vipo vifaa vinavyopima volti vyenyewe: zikishuka mpaka 12.2 vinakata muziki, umeme uliobaki unaachiwa stata. Dereva hahitaji kukumbuka.

FUNDI UMEME: Kifaa hicho ninakiunga mkono kuliko betri ya pili. Ila besi ikipiga volti zinashuka kwa muda mfupi, kwa hiyo kiwe cha aina inayosubiri kidogo kabla ya kukata, la sivyo muziki utakuwa unakatika kila ngoma inapolia. Na betri ikishushwa chini isilazwe hivyo. Ikitoa umeme, sahani zake za risasi zinajipaka salfeti. Ukiichaji siku ile ile salfeti inayeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha wiki nzima inaganda, na sehemu iliyoganda haichaji tena. Ndivyo zilivyochoka hizi mbili.

MWENYE GARI: Dereva hahitaji kukumbuka, mnasema. Mimi nataka akumbuke. Leo ni redio, kesho ataniambia tairi lina kifaa, breki zina kifaa.

DEREVA: Mama, nitakumbuka nikipewa kitu cha kukumbukia. Ninunulie mita ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, inionyeshe namba. Ikisoma 12.4 nazima mwenyewe bila kuambiwa. Mpaka sasa nimekuwa nikikisia kwa masikio, na fundi amesema masikio hayafai.

FUNDI UMEME: Isomee redio ikiwa imezimwa kwa dakika chache, ndipo namba inakuwa ya kweli. Na isome asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiisoma injini ikiwaka itakuonyesha 14, hiyo ni ya altaneta, usijidanganye nayo.

MWENYE GARI: Mita nanunua. Swichi anaifunga huyu aliyekata nyaya, bila malipo. Sabufa, injini ikizimwa, haiwaki, iwe harusi iwe ufukwe.

FUNDI MUZIKI: Bila malipo naikubali.

DEREVA: La sabufa tutaongea tena mama. Wateja wa Desemba wameshaweka oda.

MWENYE GARI: Na nusu ya bei ya betri unakatwa.

DEREVA: Kwa waya wa fundi?

MWENYE GARI: Kwa kutouliza.

MWANDISHI: Kwa wenye Prius, Aqua na haibridi nyingine, ambazo zimejaa mjini siku hizi, haya yote yana sura tofauti kidogo. Gari likiwa kwenye READY, betri kubwa inailisha ile ndogo ya volti 12, na injini inajiwasha yenyewe ikihitajika. Likiwa kwenye ACC tu, redio inakula betri ndogo peke yake, na hiyo ikiisha gari haliamki hata kama betri kubwa imejaa. Na haibridi inayojiwasha yenyewe kwenye gereji iliyofungwa ina hatari ile ile niliyoitaja.

Betri ya Noah ilipelekwa chaji siku nzima, swichi ikafungwa, nyaya za njano na nyekundu zikatenganishwa. Gari likapaki tena Jumamosi saa 2 usiku, Jumapili halikutoka. Jumatatu saa 12 alfajiri, kabla funguo hazijagusa swichi, mita ilisoma 12.5. Ile nusu ya bei ya betri, mpaka naandika haya, haijakatwa wala haijasamehewa.